Waya Katika Mkebe wa Majani ya Chai

Mpanda, Jumapili, Novemba 1996. Alasiri.

Shajara yangu, niwie radhi. Kwa majuma matano nimekupita mezani kama mtu apitaye mlango wa jirani aliyemkosea. Sikuwa mgonjwa, wala wino haukuniishia. Niliogopa kuandika, kwa sababu sijawahi kukuandikia uongo na sikuwa tayari kukuandikia kweli.

Mvua ya kwanza imenyesha mchana. Joto lililotutesa tangu Septemba limevunjika, na majirani wamekwisha kutoa majembe nje kuyatazama mipini. Kila mtu ana furaha. Mimi nimekaa karibu na dirisha, na mbele yangu kuna vitu vitatu: barua isiyotiwa sahihi, daftari la injini, na kipande cha waya kisichozidi urefu wa kidole.

Nitaeleza kwa utaratibu, kama nilivyowataka wanafunzi wangu waeleze.

Ndege yetu si ya serikali wala ya shirika. Bruda Lukas, mtawa fundi wa misheni, aliiagiza ikiwa vipande. Ilikuja kwa treni, ndani ya masanduku ya mbao, nasi tukaiunga kwa miaka minne katika banda lililo kando ya uwanja wa ndege. Tulikuwa watatu: Bruda, ambaye ndiye rubani, mimi, mwalimu mstaafu wa ufundi, na Masanja. Ina viti viwili, na kimoja huondolewa ili machela ipate nafasi. Hupeleka dawa Karema na vijiji vingine vya ziwani, na hurudi na mgonjwa ambaye vinginevyo angetikiswa siku mbili juu ya lori.

Masanja ni Msukuma wa miaka arobaini hivi. Alifika huku akiwa kijana, akiswaga ng'ombe wa baba yake, kisha akaacha ng'ombe akashika mashine za kusaga. Ufundi hakuusoma darasani. Huweka ncha ya bisibisi juu ya injini na mpini sikioni mwake, akafumba macho, halafu anakuambia ni beringi ipi inayokufa. Sijapata kumwona akikosea. Hata hivyo, kwa miaka minne nimemwita mzembe, kwa sababu huacha spana chini, husema "nyie" badala ya "ninyi", na mikono yake haina siku ambayo ni safi.

Daftari la injini ni langu. Walimu walionifundisha walitupiga vidole kwa rula tukiacha alama ya grisi kwenye ukurasa, na somo hilo liliniingia. Tangu nianze kazi, hakuna doa katika daftari langu lolote. Bruda huwaonyesha wageni. Masanja nilimkataza kuligusa, na kazi zake aliziandika kwa chaki kwenye mbao za ukuta wa banda, mstari mmoja kila anapomaliza.

Usafi huo nilikuwa na njia ya kuulinda, ambayo sikumwambia mtu. Nilikuwa naandika asubuhi, kabla ya kushika chochote, mikono ikiwa imetoka kwenye sabuni. Naandika kazi ya siku hiyo kana kwamba imekwisha, natia sahihi, nalifunga daftari, kisha ndipo nafungua kisanduku cha spana. Nilijiona mtu wa mpango. Kwa kuwa kila nilichoandika nilikifanya kabla ya jua kuzama, sikuona kosa.

Asubuhi moja mwishoni mwa Septemba niliandika hivi: "Magneto zote mbili na nyaya za swichi zimekaguliwa. Ziko salama." Nikatia sahihi.

Wino ulikuwa haujakauka nilipoitwa mlangoni. Shemeji yangu wa Kabungu alikuwa amefariki. Nikachukua baiskeli, nikaenda msibani, nikakaa siku tatu. Niliporudi nililifungua daftari ili nijue nilipoachia. Nikasoma mwandiko wangu mwenyewe, na nikauamini.

Lazima nieleze magneto ni nini, maana hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Ni kifaa kinachotoa cheche ya kuwashia mafuta ndani ya injini. Hakitegemei betri, kinachohitajika ni kuzungushwa tu. Injini yetu ina mbili, ili moja ikifa angani nyingine ibebe kazi. Sasa, magneto haizimwi kwa kunyimwa umeme, kwa kuwa umeme inao yenyewe. Ukifunga ufunguo, waya mmoja huiunganisha na mwili wa injini, na cheche hupotelea huko. Waya huo ukikatika, ufunguo unabaki pambo. Utaufunga, utaondoka, na magneto itabaki hai inasubiri mtu wa kuizungusha.

Ndiyo maana nyaya hizo hukaguliwa kila mwezi. Ndiyo kazi niliyoiandika.

Jumatatu moja ya Oktoba tulitakiwa kwenda Karema kumchukua mama mjamzito aliyeshindwa kujifungua. Ndege ilikuwa haijaruka kwa wiki mbili kwa kukosa mafuta, na mafuta yalikuwa yamefika. Bruda alikwenda ofisini kuchukua mfuko wa dawa. Masanja akapanda, akapiga pampu ya mkono mara tatu kuingiza mafuta kwenye silinda, akashuka, akaja mbele kuizungusha rafadha inayoivuta ndege, ambayo yeye huiita panga. Ndivyo tunavyofanya kila mara: ufunguo ukiwa umefungwa, rafadha huzungushwa kwa mkono mara nne ili injini inywe mafuta, na baada ya hapo ndipo huwashwa.

Mimi nilikuwa mlangoni pa banda. Nilimsikia akihesabu kwa Kisukuma, na akihesabu huwa anaimba. Alipofika mara ya tatu, injini ilinguruma mara moja tu, ikanyamaza.

Mkono wake wa kulia ulivunjika mahali pawili. Kama angekuwa amesimama nusu hatua mbele, leo ningekuwa naandika jambo jingine.

Nilikimbia, lakini sikumkimbilia Masanja. Nilikimbilia chumba cha rubani, nikauchomoa ufunguo, nikautia mfukoni. Bruda alipofika anahema, nilikuwa nimesimama juu ya Masanja, nami nikasema kwa sauti ambayo watu wote wa uwanjani waliisikia: "Hukufunga ufunguo, Masanja! Mara ngapi nimekuambia?"

Yeye alikuwa ameketi vumbini, ameushika mkono kwa mkono, uso umebadilika rangi. Akasema, "Nilifunga, Mwalimu." Kisha akanitazama, akaona jinsi nilivyosimama, akasema polepole, "Nadhani nilifunga."

Nimewahi kujitetea kwamba katika ghasia ile sikuona ufunguo ulielekea wapi. Nimejitetea hivyo kanisani, nimejitetea hivyo kitandani. Lakini ufunguo wa swichi ile una tabia moja, na mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu tabia hiyo: hauchomoki isipokuwa umefungwa. Ukiwa wazi, utavuta hadi uchoke.

Mimi niliuchomoa kwa mvuto mmoja, bila kuuzungusha.

Siku hiyo mama wa Karema aliletwa kwa lori. Namshukuru Mungu kwamba alifika, na mtoto pia. Masanja alifungwa hogo la plasta hospitalini. Bruda, ambaye si mtu mkali, alimwambia asiiguse tena ndege. Siku tatu baadaye niliteremsha kifuniko cha injini peke yangu, na nikaukuta waya wa magneto ya kushoto umekatika pale unapoingia kwenye kikonyo chake cha kuungia. Mkato wenyewe ulikuwa mweusi, una ukungu wa kijani. Haukukatika Jumatatu ile. Ulikuwa umeanza kuliwa zamani, uzi baada ya uzi, na mtu yeyote ambaye angeugusa kwa kidole angeuona.

Nilikata kipande, nikaunga waya mpya, nikaja nacho nyumbani, nikakificha ndani ya mkebe wa majani ya chai ulio juu ya kabati.

Kisha nikakaa kimya. Wiki ya kwanza, ya pili, hadi leo.

Sasa imekuja habari ya kubadilisha magneto. Bruda ameshtuka, hataki kuruka tena kabla injini haijakaguliwa upya. Magneto zenyewe ni za zamani kuliko ndege; zilikuja na injini, na saa zake za kufanya kazi zimepita. Karakana moja ya Nairobi imetuandikia ikitupa njia tatu. Ya kwanza, tuzipeleke zikafunguliwe na kufanywa upya. Ya pili, tununue mpya mbili. Ya tatu, tubakize magneto moja, na upande wa pili tuweke kifaa cha kisasa cha umeme ambacho hutoa cheche kali zaidi.

Bruda alinikabidhi barua hiyo Alhamisi, kabla ya kuondoka kwenda Sumbawanga. "Wewe andika jibu, Mwalimu," alisema. "Mimi nitatia sahihi tu. Wewe huwa hukosei."

Njia ya tatu niliiondoa mara moja. Kifaa kile kinataka betri, na ndege yetu hulala katika vijiji vya ziwani, mahali ambapo betri ikifa hakuna wa kuifufua. Magneto inataka mkono wa mtu tu. Kati ya mbili zilizobaki, ukweli wa kiufundi ni rahisi. Ile ya kushoto ndiyo yenye springi ya kusaidia kuwasha, inayolia "tak" unapozungusha rafadha polepole; springi hiyo imelegea na kile kikucha chake kimelika. Hiyo inunuliwe mpya, ya mzunguko uleule na meno yaleyale. Ya kulia bado ina nguvu. Ipelekwe ikafanywe upya. Mtu yeyote mwenye akili angeandika hivyo.

Mimi niliandika: "Tunapendekeza magneto zote mbili zibadilishwe, pamoja na swichi, ufunguo na nyaya zake zote."

Ni sentensi nzuri. Nimeisoma mara nyingi, haina kosa. Na itazika kila kitu. Swichi isiyotoa ufunguo ukiwa wazi itakwenda jalalani, nyaya zitakwenda jalalani, na hata mtu akija kuuliza baada ya mwaka, hakutakuwa na kitu cha kumwonyesha. Sikujiambia kwamba ndiyo sababu. Nilijiambia kwamba ni usalama.

Leo baada ya ibada, mke wangu, Mama Yustina, alitwika kapu la mchele kichwani, akaniambia, "Twende Ilembo kwa Masanja." Nilisema mvua inakuja. Akasema, "Basi itatukuta huko."

Ilitukuta mlangoni. Masanja alikuwa ameketi kwenye kigoda chini ya paa la baraza, hogo limechafuka hadi limekuwa rangi ya udongo, watoto wamelichora ng'ombe kwa kalamu ya risasi. Alipotuona alicheka.

"Karibuni! Kumbe mvua nyie ndo mlikuwa mmeificha huko misheni! Tungejua tungewaita mapema!"

Sikumsahihisha. Mama Yustina alicheka, akamuuliza mkono unaendeleaje.

"Mkono? Huu sasa ni bwana mkubwa, mama. Haulimi, haushiki spana, unalishwa tu. Panga lile limenipiga kofi hata baba yangu hakuwahi." Akaniangalia. "Mwalimu, mbona umesimama kama umekuja kukusanya kodi? Kaa."

Nikakaa. Mkewe, Mama Kulwa, alileta kiti. Alipokea mchele, akashukuru, akaanza kuupepeta palepale ingawa ulikuwa safi. Masanja alizungumza kwa wote. Alisema mvua ikiendelea hivi watapanda Jumanne. Alisema wenye mashine kule Kibaoni, waliokuwa wakimtumia salamu kila injini ikikohoa, siku hizi wameita fundi mwingine.

"Kwa sababu ya mkono," alisema Mama Yustina.

"Mkono utapona, mama. Wanasema mtu aliyesahau ufunguo wa ndege, mashine yangu atasahau nini? Ni maneno ya haki. Hata mimi ningesema." Alijikuna shingo kwa mkono wa kushoto. "Kibaya ni kwamba sijiamini. Juzi nimerudi shambani mara mbili kuangalia kama nimefunga zizi. Limefungwa. Natazama limefungwa, bado siamini jicho."

Hapo Mama Kulwa aliacha kupepeta.

"Mwalimu, mimi sikusoma, naomba niulize tu. Huyu mtu anahesabu ng'ombe mara mbili. Akilala anauliza mlango. Taa anaipuliza, halafu anaishika kioo kama imepoa. Siku hiyo alisahau vipi?"

"Acha, Mama Kulwa," alisema Masanja.

"Nauliza tu."

"Mwalimu aliona mwenyewe. Mwalimu asingesema asichokiona."

Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, na nilikuwa na nafasi ya kusema nisisikike, kisha niseme tena nisikike. Sikusema. Masanja aliinuka kwenye kigoda chake, akainama mbele yangu jinsi wanavyoinama kwao mbele ya mtu mzima, hogo likining'inia.

"Mwalimu, sikupata nafasi siku ile. Ulinifundisha vizuri, nikakuaibisha mbele ya Bruda. Nisamehe."

Mama Yustina alikuwa ananitazama. Mama Kulwa alikuwa ananitazama.

Nikasema, "Nimekusamehe."

Nimeandika neno hilo hapa ili lisinitoroke. Nilimsamehe. Mtu niliyemvunja mkono na jina lake, aliniomba radhi akiwa amenipigia goti karibu kufika chini, nami nikaipokea radhi hiyo kama mtu apokeaye haki yake. Hata nikamwekea mkono begani.

Tulirudi mvua ilipopungua. Mama Yustina alitembea mbele, viatu mkononi, hadi tulipofika kwenye kalvati. Hapo alisimama.

"Baba Yustina," alisema, "mwezi sasa nanunua majani ya chai ya pakiti ndogo, naweka kwenye kikombe. Hujaniuliza kwa nini."

Niliyatazama maji yaliyopita chini ya kalvati.

"Kuna waya kwenye mkebe wangu. Nikasema, mwenyewe atanieleza. Nimesubiri." Kisha akasema, "Leo nilidhani utaeleza pale."

Akaendelea kutembea. Tangu tuingie ndani amepika, ametenga, na mkebe ameushusha kutoka juu ya kabati, ameuweka hapa mezani pangu, kifuniko kikiwa wazi.

Nimeichana ile barua niliyoiandikia Nairobi. Nimeandika nyingine, fupi: ya kushoto inunuliwe mpya, ya kulia ifanywe upya, swichi na ufunguo vibaki kama vilivyo kwa sababu havina kosa. Ni barua ambayo Bruda akiisoma atauliza, kwa maana yeye si mjinga. Kama ufunguo hauna kosa na Masanja ndiye aliyeusahau, kwa nini magneto ya kushoto ndiyo inayotupwa? Kama Masanja hakuusahau, ni nini kilichotokea? Atarudi keshokutwa. Nitakapomkabidhi barua hiyo nitamkabidhi na waya, na daftari likiwa limefunguliwa kwenye ule ukurasa wa Septemba.

Lakini Bruda si wa kwanza. Nikianza kwake nitakuwa nimechagua mahali ambapo nitasamehewa kirahisi. Bruda atasikitika, atanishika mkono, atasema sisi sote ni binadamu. Wa kwanza ni Masanja, na si Masanja peke yake. Nilimshtaki mbele ya watu waliokuwa uwanjani. Yapo na masikio ya Kibaoni ambayo mimi sikuyaona, lakini sauti yangu iliyafikia. Na yupo Mama Kulwa, ambaye aliuliza swali zuri kuliko maswali yote niliyowahi kuuliza darasani, nami nikamwacha bila jibu.

Nitapoteza nini? Daftari, bila shaka. Sidhani kama Bruda ataniachia, na asiniachie. Jina la Mwalimu, pengine. Nina miaka sitini na sita na sina jina jingine. Naona wazi jinsi watakavyosema sokoni, na naona pia kwamba watakuwa wanasema kweli, jambo ambalo Masanja hakulipata.

Nilipita bandani tulipotoka Ilembo, kuchukua daftari. Mistari ya chaki ya Masanja bado ipo ukutani. Wa mwisho ni wa Jumatatu ile, na ni nusu tu. Kumbe alikuwa akiuanza mstari anapoanza kazi na kuumalizia anapomaliza. Sikuwahi kuutazama kwa karibu. Nusu ile imebaki hivyo, na chini yake kuna alama ya dole gumba lenye grisi.

Sasa yanakuja mawazo ambayo nayafahamu. Mikono yangu ni safi. Wino upo. Sentensi ninayo, imekaa sawa kichwani: "Leo asubuhi nimekwenda Ilembo, nimemwambia Masanja kweli yote mbele ya mkewe." Ningeweza kuiandika sasa hivi juu ya ukurasa wa kesho, nikatia sahihi, nikalala. Kesho ningeamka nikaisoma, na ninajijua: ningeiamini.

Kwa hiyo ukurasa wa kesho nauacha mtupu. Usiniulize kitu, Shajara, na usiniamini katika lolote nililosema hapa kwamba nitalifanya. Waya nimeutia katika mfuko wa shati, si mkebeni. Siku utakapouona ukurasa ule umeandikwa, ujue nimekwisha kurudi kutoka Ilembo.